Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Kilimanjaro: ihesabuni bodaboda kama mnavyouhesabu mlima

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro,
Afande Kamanda wa Polisi wa Mkoa, pamoja na Afande RTO (mkuu wa trafiki mkoani),
Ndugu Meneja wa LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) mkoani kwetu,
Mkurugenzi wa Manispaa ya Moshi na wakurugenzi wenzako wa halmashauri,
Mganga Mkuu wa Mkoa.

Waheshimiwa, shikamooni kwa mnaostahili, na kwa tulio rika moja, habari za kazi.

Nawaandikia nikiwa Moshi mjini. Kazi yangu ni guidi: napandisha wageni Mlima Kilimanjaro na kuwashusha, mara nyingi kwa njia ya Machame, mara moja moja Marangu au Lemosho. Kazi hii naitaja mapema kwa kuwa hoja yangu imesimama juu yake. Mkoa huu umeweza kuisimamia hatari moja kubwa kwa utaratibu ambao wageni wanausimulia mpaka makwao, na hapo hapo umeiacha hatari nyingine, kubwa kuliko hiyo, ijiendee yenyewe kutoka kijiwe hadi kijiwe. Ya kwanza ni mlima. Ya pili ni pikipiki.

Najua kuna atakayecheka. Mlima una mita 5,895, maji yanaganda kwenye chupa, na hewa huko juu ni haba. Pikipiki inatupeleka soko la Kiboriloni. Ndiyo maana nimekuja na hesabu, maana kwa maneno matupu hatutaelewana.

Kati ya 1996 na 2003, madaktari waliofuatilia vifo vya watalii mlimani, miili ikichunguzwa pale hospitali ya KCMC, walipata watalii 25. Kumi na wanne kati yao waliondoka na ugonjwa wa kimo, yaani mapafu kujaa maji au ubongo kuvimba kwa uhaba wa hewa. Waliobaki ni majeraha, moyo, nimonia, na hata kidole tumbo. Ukigawa kwa idadi ya waliopanda miaka ile, unapata vifo 13.6 kwa kila wapandaji 100,000. (Hao ni watalii. Mpagazi aliyekufa kwa baridi hakuingia kwenye hesabu hiyo, na hilo nitaliandikia barua yake siku nyingine.)

Wataalamu wa mambo ya hatari wana kipimo wanachokiita maikromoti, kilichobuniwa na Ronald Howard wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Maikromoti moja ni nafasi moja kati ya milioni ya kufa. Kwa kipimo hicho, safari moja ya mlima kwa mtalii wa wakati ule ilikuwa maikromoti 136. Pikipiki je? Kwa hesabu iliyozoeleka ya Uingereza, maikromoti moja unaimaliza kwa kilomita 10 hivi za pikipiki. Ukiwa ndani ya gari dogo, unakwenda kilomita 400 hivi ndipo uimalize. Marekani nao, kwa hesabu zao wenyewe, wanasema kwamba kwa kila maili moja, mwenye pikipiki ana uwezekano wa kufa zaidi ya mara 20 ya yule aliye ndani ya gari.

Sasa shikeni kalamu. 136 mara kilomita 10 ni kilomita 1,360. Nyumba ya pili kutoka kwangu anaishi kijana wa bodaboda. Kwa siku anatia petroli lita mbili na kidogo, ambayo kwa pikipiki yake ni kama kilomita 100. Kwa hiyo kila wiki mbili anakuwa amebeba hatari ya kuupanda mlima mzima. Akipumzika Jumapili zote, mwaka unapoisha ameupanda mara 23. Mama yake huniombea dua kila nikitoka na begi langu la safari, ananishika mkono kabisa: mwanangu, huko kwenu Mungu awe nanyi. Mwanawe akiwasha pikipiki saa kumi na moja alfajiri, hata mlango haufunguliwi.

Na kumbukeni hesabu hiyo ni ya barabara za Uingereza, ambako mwenye pikipiki ana kofia iliyopimwa, koti zito, glavu na buti, barabara ina taa na mistari, na gari la wagonjwa likiitwa linakuja. Barabara ya kupandia Uru wakati wa masika, udongo mwekundu umelowa na Hiace inashuka imezima injini kuokoa mafuta, haimo humo.

Chukueni mfano mwingine wa hapa hapa, Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa Moshi tangu 2003. Marekani walifuatilia wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kuanzia 2000 hadi 2010. Waliosimama moyo ni 59, na kati yao 42 walifariki. Hiyo ni maikromoti nne kasoro kwa mkimbiaji mmoja. Marathoni ni kilomita 42, na kilomita 42 za pikipiki, kwa hesabu ile ile ya Waingereza, ni maikromoti nne na ushee. Maana yake wewe ukiikimbia njia ya marathoni kwa miguu, na mimi nikaipita kwa pikipiki, tumekikaribia kifo kwa kiasi kimoja. Ila siku yako wewe barabara zinafungwa, ambulensi zinasimama tayari, na Mkuu wa Mkoa anakuja kuwapungia bendera. Siku yangu mimi ni Jumanne ya kawaida.

Hata kuruka na parachuti, mchezo ambao ukimwambia bibi yangu wa Kibosho ataulizia kama una akili timamu: Marekani mwaka 2023 walikufa watu 10 katika miruko inayokaribia milioni 3.65. Ukigawa, mruko mmoja ni sawa na kilomita 27 za pikipiki. Kutoka stendi ya Moshi hadi Njia Panda ya Himo, basi.

Kulinganisha nchi na nchi kuna mipaka yake, nalijua hilo. Siwaombi mzichukue namba hizi kwa desimali zake. Nawaomba muone ukubwa wake: kitu ambacho Moshi nzima tunakihesabu kuwa usafiri tu, kiko safu moja na michezo ambayo watu wanasaini karatasi ya kuachilia madai kabla ya kuigusa.

Sababu yenyewe haihitaji shahada. Mtu anayetupwa kutoka kwenye pikipiki iliyokuwa kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini, anakutana na kitu kigumu kwa nguvu ile ile ya mtu aliyeanguka mita 10, yaani dirisha la ghorofa ya tatu. Akiwa kwenye 60, ni mita 14. Kaongeza kumi tu kwenye mshale, kajiongezea zaidi ya ghorofa nzima. Aliyeko kwenye gari ana bati, mkanda na kiti vya kuipokea nguvu hiyo. Aliyeko kwenye pikipiki anaipokea kwa paja na kwa kichwa.

Lakini nguvu ya kuanguka ni ile ile kote duniani, na haiwezi kubadilishwa kwa kikao. Nawaandikia kwa yale yanayobadilika.

Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki za Los Angeles, walizozichunguza moja baada ya nyingine. Robo tatu ya ajali zile zilikuwa pikipiki kugongana na chombo kingine. Na katika hizo za kugongana, theluthi mbili mwenye gari ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki. Hakuiona, au aliiona wakati umeshapita. Afande RTO, naomba hapo tusimame kidogo. Sisi huku, ajali ikitokea tu, taarifa inayosomwa ni moja: chanzo ni uzembe wa mwendesha bodaboda. Sawa, wapo wazembe, nimewahi kupakiwa na mmoja aliyekuwa anatuma ujumbe wa simu kwa kidole gumba huku tunashuka mtelemko wa Karanga. Hata hivyo, hiyo Hiace iliyokata kushoto ghafla kuwahi abiria mmoja pale Majengo, nani ameiandika? Na lile gari kubwa la vioo vyeusi lililogeuza katikati ya barabara ya Arusha bila indiketa, trafiki yupi atalisimamisha?

Ripoti hiyo ilikuta jambo jingine: asilimia 92 ya waliopata ajali walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na rafiki. Huku kwetu sihitaji ripoti. Jioni kijana anaonyeshwa klachi na gia kwenye uwanja wa shule, wiki ijayo yuko kijiweni anapiga deiwaka kwenye pikipiki ya mwenzake aliyekwenda msibani, na mimi ndiye abiria wake wa tatu maishani mwake. Mlimani mtu haongozi mgeni bila leseni ya uguidi, tena baada ya miaka ya kubeba mizigo na kuwa msaidizi. Getini watakurudisha.

Nieleze kidogo na hilo la getini, kwa kuwa wengi wenu mmepita pale mkiwa na msafara na huenda hamkuona kazi inavyofanyika. Asubuhi Machame, mzigo wa kila mpagazi unaning'inizwa kwenye mizani. Kikomo ni kilo 20. Ukizidi, unafunguliwa pale pale, unapunguzwa, anatafutwa mtu mwingine wa kubeba kilichobaki. Nimeona gunia la viazi likifumuliwa kwa sababu ya kilo moja na nusu. Majina ya wageni yanaandikwa getini, yanaandikwa tena kila kambi tunayolala. Mimi nampima mgeni kidole kwa kipima oksijeni jioni na asubuhi, naandika. Mgeni akizidiwa usiku, kuna machela ya gurudumu moja na kuna njia inayojulikana ya kumshusha. Na Mungu apishie mbali akifa mmoja, simu zinalia mpaka Arusha, makao makuu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, watu wanahojiwa, mimi wa kwanza.

Asubuhi hiyo hiyo, barabara hiyo hiyo ya Machame, pikipiki inashuka kwenda Kwasadala: dereva, mtoto wa sare kwenye tangi, mama nyuma, mtoto mwingine katikati, mkungu wa ndizi umefungwa kwa mpira wa tairi pembeni. Mishikaki kamili. Hakuna mizani. Hata taa ya breki haiwaki. Mwanafunzi yule wa kwenye tangi ni raia wa Tanzania, hana bima ya safari iliyokatwa Ulaya, labda ndiyo tofauti.

Bodaboda iliruhusiwa kubeba abiria kwa kanuni za mwaka 2010. Sheria mama ya Usalama Barabarani ni ya 1973, ilitungwa wakati pikipiki ni usafiri wa bwana shamba na padri. Baadaye leseni za usafirishaji za bodaboda zilishushwa halmashauri, na halmashauri, niseme ukweli ninavyouona kutoka kijiweni, inaiona bodaboda kama chanzo cha mapato. Stika ipo? Ushuru umelipwa? Nenda. Breki hakuna aliyeuliza.

Wala msidhani vijana hawaijui hatari. Wanaijua kuliko mimi. Kinachowakimbiza ni hesabu. Pikipiki nyingi pale kijiweni si za wanaoziendesha. Ni za tajiri, na tajiri anataka hesabu yake kila jioni, elfu saba, elfu nane, elfu kumi, kutegemea chombo na makubaliano. Wenye mkataba wana afueni ya kuja kuimiliki mwisho wa safari, lakini wakikosa siku kadhaa chombo kinachukuliwa na walichokwisha kulipa kinaishia hewani. Kwa hiyo mvua ikinyesha mpaka saa nane mchana, ile hesabu haipungui kwa sababu ya mvua. Inabidi itafutwe yote kati ya saa nane na usiku, kwenye barabara iliyolowa, na macho yenye usingizi. Mwendo mnaoupiga tochi pale Weruweru saa kumi na mbili jioni ulianzia kwenye simu ya tajiri saa tano asubuhi. Faini ya kijana haimfikii tajiri hata siku moja. Ndugu Meneja wa LATRA, jina la mwenye chombo mnalo kwenye kibali. Mnaweza kumwita.

Halafu kuna operesheni za kamata. Sitasema nyingi, mnazijua. Niseme tu kwamba kijana anayeona trafiki na kugeuza ghafla mbele ya lori ameongeza hatari, hakuipunguza, na kuna kona mjini hapa ambazo zimekuwa za ajali kwa sababu hiyo.

Kofia ngumu, au elementi kama tunavyoiita. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia inapunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 kwa wanaopata ajali. Hakuna dawa ya namba hizo kwenye duka lolote la Moshi. Sasa nendeni kijiweni mkaiangalie yenyewe. Ipo moja, imening'inia kwenye saiti mira kwa ajili ya kumwonyesha trafiki. Ibonyeze kwa kidole, ganda linabonyea. Geuza ndani: lile povu gumu linalotakiwa kuipokea nguvu ya pigo halipo, kuna sponji ya godoro iliyogandishwa kwa gundi. Mkanda wa kidevuni umekatika zamani na umefungwa fundo. Ukimpa dada aliyetoka kusuka anakataa, na simlaumu, ina harufu ya vichwa vya wiki nzima. Wanaoingiza kofia hizo nchini wapo, maduka yanayoziuza yapo wazi mchana kweupe, na TBS, shirika la viwango, ipo. Kumpiga kijana faini kwa kutovaa ganda tupu wakati ganda hilo linauzwa kihalali ni kumwonea.

Nirudi kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo ombi langu lilipo.

Kila mwaka tunasomewa takwimu za ajali. Zinasomwa kwa jumla: ajali kadhaa, vifo kadhaa, zimepungua kwa asilimia kadhaa. Hatari haipimwi kwa jumla. Inapimwa kwa vifo ukigawa kwa safari au kwa kilomita. Mlimani tuna juu na chini ya mstari, waliokufa na waliopanda, kwa kuwa kila aliyepita getini aliandikwa. Ya bodaboda ina juu tu, tena hiyo juu yenyewe ina matobo. Mwaka 2016 idadi rasmi ya waliokufa barabarani Tanzania ilikuwa 3,256. Shirika la Afya Duniani, likikadiria mwaka huo huo kwa njia zake, lilisema 16,252. Mara tano! Hata kama shirika limezidisha, pengo hilo ni kubwa kuliko kosa la karani. Watu wanafia njiani, wanafia nyumbani baada ya ndugu kuomba wamtoe hospitali wakamtafutie mganga wa mifupa, wanafia wodini wiki ya tatu wakati PF3 yake, ile fomu ya polisi ya matibabu, imeshafungwa kwenye faili kama majeruhi. Utaratibu unaotumika kimataifa ni kumhesabu kila anayefariki ndani ya siku 30 tangu ajali. Siku 30 zinahitaji polisi na hospitali wasomeane daftari.

Msiniambie haiwezekani. Nchi hii imeshafanya jambo la aina hii, tena gumu kuliko hili. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ukakuta 104. Mengi yamechangia: zahanati, upasuaji kusogezwa karibu, damu, watumishi. Moja ambalo wauguzi hulitaja kwa hofu na heshima ni kwamba mama akifa wakati wa uzazi, kifo kile kinajadiliwa. Watu wanaketi, faili linafunguliwa, nani alimpokea, saa ngapi, damu ilikuwepo, gari lilichelewa wapi. Mkuu wa kituo halali. Na kuna namba ya bure 115, ya m-mama, ambapo mjamzito akizidiwa kijijini anatafutiwa usafiri hata wa dereva wa mtaani aliyekubaliana na serikali.

Ninachoomba ni kwamba kifo cha pikipiki mkoani Kilimanjaro kiketishwe kwenye kiti hicho hicho. Kila kimoja. Ndani ya siku saba wakae watu watano au sita: askari aliyepima ajali, daktari aliyepokea, mhandisi wa TANROADS (barabara kuu na za mkoa) au TARURA (za mijini na vijijini) kulingana na barabara ni ya nani, mtu wa LATRA au halmashauri, mwenyekiti wa kijiwe alikotoka marehemu, na mwenye chombo. Ndiyo, tajiri naye aje. Waulizane mambo yanayojibika: ilikuwa saa ngapi, pale pana taa, nani aliingilia njia ya nani, kofia ilikuwepo na ilikuwa na povu ndani, kijana alikuwa saa ya ngapi kazini, leseni daraja A anayo, alifikaje hospitali. Hili la mwisho lina uzito wake. Majeruhi wengi mjini hapa wanapakiwa kwenye pikipiki nyingine, amekaa katikati, shingo inayumba, mtu nyuma anamshikilia. Mgongo uliokuwa mzima unaweza kukatikia hapo. Kama 115 inaweza kumfuata mjamzito Rombo, itafutwe namna ya kumfuata na aliyevunjika shingo Kiboriloni.

Baada ya miezi sita ya vikao hivyo mtakuwa na ramani. Nina hakika itaonyesha vipande vichache vya barabara ya Arusha hadi Himo vikijirudia, na saa zile zile za jioni. Hapo ndipo fedha za taa, matuta na bega la barabara ziende kwanza, na trafiki wasimame hapo badala ya pale penye kivuli.

Chini ya mstari nako, yaani idadi ya pikipiki na kilomita zake, kunajazika. Vijiwe vina viongozi na vina orodha. Anayeingia kijiwe kipya analipa kiingilio na jina linaandikwa. Idadi ya pikipiki inajulikana kuliko mnavyodhani. Kilomita zichukuliwe kwa sampuli ya vijana watakaokubali kusomwa mita wiki moja, na kwa wale waliokata waya wa mita (ni wengi, wanalinda bei ya kuuzia) tumieni lita za mafuta. Mwanafunzi wa takwimu pale Chuo Kikuu cha Ushirika anaweza kuifanya kazi hii kwa likizo moja. Kisha bandikeni jibu ubaoni, kijiwe kwa kijiwe, kila robo mwaka: kwa kila kilomita milioni, wamekufa wangapi. Abiria ajue anachopanda, kama mgeni wangu anavyojua.

Maana mgeni wangu huniuliza. Kila kundi, jioni ya kwanza kambini, kuna mmoja atakayeuliza kwa sauti ya chini kama watu hufa huku, nami namjibu kwa namba. Kisha anachagua mwenyewe kuendelea au kurudi. Mama wa Mabogini mwenye mtoto wa homa saa saba ya usiku hana cha kuchagua. Hiace zimelala, teksi ni elfu ishirini, bodaboda ni elfu tatu. Yeye ndiye anayestahili kuwekewa kofia nzima, breki nzima na dereva aliyefundishwa, kabla ya mzungu aliyekuja kwa hiari yake kutafuta baridi.

Mkikubali kuanza, sehemu yangu nitaifanya. Wenyeviti wa vijiwe vya Majengo na Kiboriloni nafahamiana nao, nitawafuata mmoja mmoja nikitoka mlimani na kuwaleta. Mfano wa rejesta nitauchora, tumeuzoea: jina, saa, mahali, hali aliyokutwa nayo, aliyemshusha. Kinachohitajika kutoka kwenu ni barua moja yenye muhuri wa mkoa inayoagiza kituo cha polisi na hospitali wasomeane PF3 na daftari la wodi. Bila muhuri huo mimi nikienda mapokezi kuuliza nitafukuzwa, na watakuwa sahihi kunifukuza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Guidi wa mlimani,
Moshi.